Chumvi Hupanda, Amri Hushuka

Msiniite mzee. Ni kweli mimi ni mstaafu, lakini sijafikisha miaka thelathini, na ninapoandika haya mtoto wangu wa pili ananyonya. Mkono mmoja umemshika yeye, mwingine umeshika kalamu. Serikali ilipoamua kupunguza wafanyakazi ilianza na sisi wa chini, kwa kuwa sisi ndio tunaofikiwa bila kupanda ngazi. Wakaita kustaafu. Mzee Mutiso, ambaye mvi zake alizipata kwa haki, aliniona nikitoka ofisini na mtoto mgongoni akasema, "Binti, sijawahi kuona mstaafu anayenuka maziwa."

Nyinyi wasichana mnaomaliza kidato cha nne hapa Garissa mnanijia nyumbani na vyeti vyenu kwenye bahasha za kaki, mnauliza kazi ya idara ya maji ikoje. Mama zenu ndio wanaowatuma, najua, kwa sababu mimi nilikuwa msichana wa kwanza mtaani kwetu kuvaa ovaroli juu ya dira, gauni letu pana la Kisomali. Haya, kaeni. Nitawaambia, ila sitatia sukari. Sukari ndiyo iliyomaliza kisima cha Elgudud, na Elgudud ndiko mama yangu alikokuwa akinilelea binti yangu.

Kwanza kazi yenyewe. Nilikuwa mpima kina. Kisima cha mashine si kile mnachokijua, cha kuchungulia na kutupa ndoo. Ni tundu jembamba, mdomo wake haupiti sahani ya wali, limevishwa bomba la chuma na linakwenda chini, chini, mpaka ukitupa kijiwe unaanza kudhani kimepotea. Pampu inaning'inia humo ndani kwa mabomba, na juu kuna injini ya dizeli inayoizungusha. Kazi yangu ilikuwa kujua maji yamesimama wapi. Unachukua utepe wa chuma wenye uzito wa risasi mwishoni, unapaka chaki kipande cha chini, unateremsha polepole. Unasikiliza. Ukihisi umegusa maji unashusha kidogo tena, kisha unapandisha mbio na kusoma pale chaki ilipolowa.

Inaonekana rahisi. Siku yangu ya kwanza nilisoma maji yakiwa karibu na juu kabisa, nikakimbia kumwita Mutiso, nikidhani kisima kinafurika. Mutiso akashika utepe, akaunusa.

"Umepima kisima au umepima kwapa?"

Nilikuwa nimelowesha chaki kwa jasho langu. Basi shikeni hili, halimo kwenye kitabu chochote: funga kitambaa kwenye kifundo cha mkono kabla hujashika utepe. Na usisomee juani. Jua la huku hukausha alama kabla hujaitia machoni, halafu utaapa kwamba kisima kimekauka. Chaki nayo iombeni shule ya msingi iliyo jirani, ile ya rangi ya bluu ndiyo inaonyesha vizuri. Ofisini hawana chaki. Ofisini wana mihuri.

Mutiso alikuwa Mkamba wa Machakos na msimamizi wa mitambo yetu, lakini moyoni alikuwa mtu wa reli. Alitumia ujana wake kwenye reli, akishindilia kokoto chini ya mataruma, yale magogo na vyuma vinavyobeba reli. Baadaye kazi huko zikapungua, akaletwa kwetu, ambako garimoshi halijawahi kupiga hata honi. Kila kitu alikieleza kwa reli. Niliudhika miezi ya mwanzo, kisha nikaanza kusikia.

Palikuwa na mnara wa tangi Elgudud. Watu wa birika la mifugo walizoea kuacha maji yamwagike, na udongo chini ya mguu mmoja wa mnara ukalainika. Mimi sikuona kitu. Mutiso alishuka garini, akasimama, akafumba jicho moja. Akatundika timazi, ile kamba ya fundi yenye risasi, kutoka ukingo wa tangi. Kamba ilinyooka wima, mnara ukaonekana umejiinamia kama mtu anayetafuta shilingi chini.

"Kila kilichosimama kinazama," akaniambia. "Usiulize kama kinazama. Uliza kama kinazama sawa. Reli hivyohivyo. Garimoshi haliui reli kwa uzito, binti. Linaiua kwa kutoipa nafasi. Taruma likididimia, inatakiwa uliinue na kushindilia kokoto kabla gari jingine halijapita. Ukiruhusu gari juu ya gari, siku moja utaokota watu."

Tukainua ule mguu kwa jeki ya lori, tukashindilia kokoto, na ule mnara umesimama hadi leo. Ndicho kitu pekee kilichosimama sawa pale.

Neno lake hilo la nafasi ndilo lililotunza kisima. Desturi aliyoiweka Elgudud ilikuwa hii: injini inaanza alfajiri, inazimwa adhuhuri watu wakielekea kuswali, halafu kisima kinalala mpaka alfajiri nyingine. Na ili mtu asiiwashe akiwa hayupo, Mutiso alikuwa akichomoa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini ili iwake, anautia begani kama askari na bunduki yake, anaondoka nao. Bila hendeli ile injini ni jiwe.

Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuwa Adeer Gedi, yaani ami Gedi, ndugu wa marehemu baba yangu, mtu wa ngamia wengi na maneno mengi zaidi. Kila adhuhuri aligombana na Mutiso kwa Kiswahili chake kisichojua 'p', na nadhani wote wawili walifurahia.

"Mutiso, bampu yako inalala kama bibi arusi."

"Bibi arusi ukimchosha, Gedi, atarudi kwao."

"Na ngamia yangu ikikufa?"

"Ngamia wako atanizika mimi na wewe."

Sasa niwaambie habari ya Athmani. Athmani alikuwa kijana wa Mombasa aliyesomea bahari. Bahari yenyewe, na mawimbi yake. Alisomea jinsi maji ya bahari yanavyopanda na kushuka, yapi hukaa juu na yapi hukaa chini. Kisha akaomba kazi serikalini, na mtu mmoja huko juu, nafikiri, aliona neno "maji" kwenye cheti chake, akampeleka Garissa. Alishuka basi na kofia ya kuzuia upepo wa pwani. Wanawake wa sokoni wakamwita Badda, maana yake bahari kwa Kisomali, na hakuna aliyemwita Athmani tena.

Tulimcheka sana, na kicheko kikatutumbukia nyongo, maana huyo wa bahari alikuwa na jambo la kutuambia. Kando ya kisima cha Elgudud kulikuwa na tundu la zamani lisilo na pampu, tulilokuwa tunaliita kipofu. Badda alichukua chupa ya soda, akaifungia nati nzito kitakoni, akaiziba kwa kizibo chenye uzi wake peke yake. Akaiteremsha katika kipofu. Ikifika kina anachotaka anavuta uzi, kizibo kinachomoka, chupa inajaa maji ya palepale. Alisema baharini wanafanya hivyohivyo, ila kwa vyombo vinavyong'aa.

Akapanga vikombe vitatu juu ya boneti ya gari. Maji ya juu, ya kati, ya chini. Tukaonja. Ya juu matamu. Ya kati yana ladha ya chuma. Ya chini, wallahi, nilitema.

"Maji ya chumvi ni mazito," Badda akasema. "Yanakaa chini, matamu yanaelea juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi. Hayachanganyiki mpaka kitu kiyalazimishe. Baharini ni upepo. Hapa ni pampu. Ukivuta bila kupumzika, chumvi inapanda chini ya mdomo wa bomba, inachongoka kama kichuguu. Ukizima, kichuguu kinashuka. Usipozima, kinafika mdomoni."

Mutiso akajipiga paja kwa furaha. "Taruma," akasema. "Ni taruma lilelile, ila linakwenda juu."

Adeer Gedi naye akaonja vikombe vyote. Alipofika kwenye kile cha tatu alifumba macho, akamumunya, akameza. "Hii," akasema, "hii ndiyo maji ya ngamia. Kwa nini munanificha?"

Tukacheka tena. Wafugaji wa ngamia tunawajua, hutembea siku nyingi kuwatafutia wanyama wao chumvi, kisima chenye ukali kidogo kwao ni dawa. Tungejua, tusingecheka.

Kisha ukaja ukame. Mifugo ikamiminika Elgudud kutoka kila upande, ng'ombe mbavu nje, na wenyewe macho mekundu. Mutiso aliendelea na desturi yake siku chache. Halafu amri ikashuka kutoka wilayani: injini isizimwe, usiku na mchana. Hendeli ikaachwa pale.

Nilipima. Kila nikiteremsha utepe ilibidi niongeze. Maji yalikuwa yanakimbia chini, na baada ya muda pampu ikaanza kukohoa, inatoa maji, inatoa hewa, inatoa maji. Amri ya pili ikashuka: ongezeni mabomba, teremsheni pampu.

Hapo ndipo tulipokwenda kwa mkubwa wetu, sisi watatu. Nataka mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu mtaambiwa kwamba mambo yaliharibika kwa ujinga. Hapakuwa na mjinga mle ndani. Badda alieleza kichuguu. Mkubwa akamkatiza katikati, akakimalizia yeye mwenyewe, tena kwa ufasaha kuliko Badda. Alikuwa amesoma hayo yote. Alijua pampu ikishuka, mdomo wake utaifuata chumvi badala ya chumvi kuufuata mdomo.

"Basi tuzime nusu ya siku, bwana mkubwa," Mutiso akasema.

"Mzee, nikizima na ng'ombe wakafa, nitaulizwa kwa nini nilizima. Nikiteremsha pampu na maji yakaharibika mwakani, nitaulizwa na nani?"

"Na watu wanaokunywa?" nikauliza mimi.

Akaniangalia kama mtu aliyesikia kiti kikiongea. "Wewe una mtu kule?"

"Mama yangu. Na mtoto."

"Walete mjini," akasema, kwa upole kabisa. Ule upole sijamsamehe.

Mimi nikasema nusu ya mifugo ingepelekwa visima vya upande mwingine, watu wa mifugo ndio wanaopanga hayo. Ofisi ya mifugo ilikuwa ng'ambo ya ua wetu. Ningeweza kuwarushia jiwe nikapasua dirisha. Tulikunywa chai kibanda kimoja, tulijua nani ana deni la mandazi. Lakini mkubwa akasema hawezi kuwaomba moja kwa moja. Ombi lake lazima lipande mkoani, lipande Nairobi, livuke huko juu kutoka wizara hadi wizara, kisha lishuke tena ngazi kwa ngazi mpaka lile dirisha. Nilitoka nje nikalitazama lile dirisha. Kulikuwa na mtu ndani anakata kucha.

Wasichana, serikali imechimbwa kama kisima. Ni tundu jembamba, kila kitu kinakwenda juu au chini, na pembeni ni bomba la chuma. Mtu wa tundu la pili anaweza kuwa anakufa na kiu, na wewe unamsikia.

Mutiso aliongeza mabomba. Nilimwuliza kwa nini hakukataa. "Nina watoto wanaosoma," akasema, akaendelea kukaza. Hakuzungumzia reli siku hiyo.

Maji yakatoka mengi. Watu walipiga makofi. Na baada ya muda ngamia wa Adeer Gedi wakaanza kung'aa. Nundu zilisimama, macho yalifunguka, wakawa wanakimbilia birika. Wageni walipokuja kutoka mkoani kukagua ukame, Adeer Gedi aliwasimamisha mbele ya kundi lake akasema, "Maji yetu imebata nguvu. Angalia mwenyewe." Wakaangalia. Walichokiona ni ngamia wanaong'aa katikati ya ukame, na hiyo ndiyo habari iliyopanda. Wilayani ikawa maji ni mazuri. Mkoani ikawa maji ni mazuri sana. Sijui Nairobi ikawaje, ila zilishuka pongezi, zikasomwa mbele yetu sote tukiwa tumesimama juani.

Sasa chai. Andikeni hili kama mnaandika. Kifaa cha kupima chumvi tulikuwa nacho, ila betri yake ilikufa na ombi la betri likapanda, halikushuka tena. Lakini maziwa hayahitaji betri. Chemsha maji ya kisima, tia majani, tia maziwa mabichi ya mbuzi, koroga. Maji yakiwa na chumvi nyingi maziwa yanakatika, yanaganda vipande vipande kama pamba iliyolowa. Wanawake wa Elgudud waliiona chumvi kwenye sufuria kabla mtu yeyote hajaisikia mdomoni. Na wanaume wao wakasema nini? Wakasema wanawake wamekuwa wachafu, hawaoshi vyombo. Jirani ya mama alirudishwa kwao kwa ajili ya chai. Akaondoka na watoto wawili na sufuria.

Nilipofika siku hiyo na utepe wangu, nilimkuta mama, Hooyo tunavyosema sisi, amekaa kwenye kivuli cha nyumba na binti yangu mapajani. Ikran alikuwa ametoka kuachishwa ziwa ili mimi nirudi kazini kupima maji. Hiyo nayo imezeni. Macho yake yalikuwa yameingia ndani, midomo imepasuka.

"Anaharisha," Hooyo akasema. "Kila nikimpa maji anataka tena, na kila akinywa anaharisha. Nimebadilisha mbuzi, nikadhani ni maziwa. Nimekwenda kwa mbuzi wa watu. Wote wanakata chai."

"Mbuzi hawana kosa, Hooyo."

"Najua. Niliogopa kusema ni maji. Tungekunywa nini?"

Nilimchukua mtoto, nikapita kwa Adeer Gedi kabla sijapanda gari. Alikuwa birikani anawahesabu wanyama wake kwa jicho, anatabasamu. Kwa Kisomali tuliongea, na mdogo hampandishii sauti adeer yake, hivyo niliongea chini. Nilimwambia maji yamekuwa chumvi.

"Ngamia wangu hawajawahi kunywa maji kama haya."

"Ikran si ngamia, adeer."

Akamwangalia mtoto. Akamwangalia kweli, nampa haki yake. Kisha akasema, "Watoto wa mjini wana matumbo laini. Mwache azoee."

Tulilala hospitali ya Garissa na mrija mkononi mwa Ikran, na akapona, alhamdulillahi. Amekuwa mkorofi sasa, anakaribia kuanza shule. Lakini mimi nilikuwa na gari la ofisi la kudandia. Kuna mama wa pale Elgudud hawakuwa na gari, na msiniulize majina yao, maana nikianza kuyataja sitamaliza kuandika, na wao hawajaniomba niwatangaze.

Badda aliandika barua, akapanda mwenyewe hadi mkoani kusema kwa mdomo. Wakamsikiliza vizuri, wakampa soda, wakamhamishia Rhamu, kaskazini kabisa mpakani. Alikuja kuaga na ile kofia yake. "Angalau huko nako kuna mto," akasema. Akaniachia chupa na nyuzi zake.

Chumvi iliendelea kupanda. Ng'ombe wakaacha kunywa, mbuzi wakaharibu mimba, na mwisho hata ngamia walikuwa wanatia midomo na kuitoa. Dawa ikizidi ni sumu, na hilo Adeer Gedi alilijua tangu utotoni, ila alikuwa amekwisha kuyasifu maji yale mbele ya wageni. Mvua ziliponyesha hatimaye, zile kubwa zilizokata barabara, wafugaji wakaenda zao kwenye madimbwi, na wenyeji wa pale wakafuata. Hooyo yupo hapa mjini sasa, kibandani karibu na mto, anaulalamikia udongo, mbu na mimi. Duka lilifungwa. Madrasa ilihamia. Elgudud palibaki mnara wa tangi, umesimama sawa.

Na katika taarifa za wilaya kile kisima bado kinafanya kazi. Kwani uongo? Injini nzima, pampu nzima, maji yamo.

Siku tuliyostaafishwa Mutiso alinipitia nyumbani kabla hajapanda basi la kwao. Alikuwa na gunia. Akalitua mlangoni, likalia chuma.

"Hii si ya serikali," akasema. "Ya serikali ilivunjika zamani. Niliagiza nyingine, haikuja. Nikaikunja hii kwa fundi chuma sokoni, kwa kipande cha reli nilichokuja nacho. Ni yangu. Sasa yako."

Ilikuwa hendeli.

"Nifanye nayo nini, mzee?"

"Ipumzishe."

Basi hiyo ndiyo kazi yangu tangu nistaafu. Nikipata lori la mtu ninayemjua nakwenda Elgudud na chupa ya Badda. Nateremsha katika kipofu, navuta uzi, napandisha, naja nyumbani, napika chai. Mara za kwanza ilikatika hata kwa maji ya juu kabisa. Sasa ya juu yanashika maziwa. Ukishuka kidogo, yanakata. Lakini ile kidogo inaongezeka. Chumvi inashuka, wasichana, kwa mwendo wake yenyewe. Badda alisema ni miaka, tena alisema bila kunipa matumaini.

Watu nao wameanza kutaka kurudi. Adeer Gedi alikuja hapa juzi, amezeeka ghafla, akakaa kwenye mkeka na fimbo yake mapajani. Kwanza akauliza afya ya kila mtu, mpaka ya paka. Kisha akasema jilali inakaribia, yaani kiangazi chetu kile kirefu, na wilaya imekubali injini iwashwe, imebaki hendeli tu, na amesikia iko kwangu.

"Pampu imepandishwa, adeer? Yale mabomba yametolewa?"

"Hayo watayafanya baadaye."

Nikampikia chai. Nilikuwa na maji ya Elgudud ya safari yangu ya mwisho, ya kina kilekile unapoishia mdomo wa pampu. Nikamtilia kikombe, nikampelekea kwa mikono miwili, nikasubiri. Akatazama ndani. Vipande vyeupe vilikuwa vinaelea. Wanaume wa kwetu wakiona hivyo humwaga na kuuliza nani mpishi.

"Nani amekata maziwa haya?" akauliza.

"Wewe, adeer."

Ikran alikuwa amesimama mlangoni, anamkodolea macho. Mzee akamtazama. Kisha akakinywa. Chote, vipande na yote, kama mtu anayekunywa dawa aliyoandikiwa. Akakitua, akafuta ndevu, akaaga kwa heshima. Hakuitaja hendeli tena.

Amekuja mwingine baada yake, kijana aliyepewa kiti changu. Kijana mzuri, ana adabu, ametumwa. Anasema ni mali ya umma. Nikamwambia ya umma ilivunjika, aende aulize stoo. Akaniambia basi wataagiza mpya. Nikamwambia vizuri sana, waagize. Na nikamfundisha habari ya kitambaa kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu kosa si lake.

Mimi naijua safari ya ombi la hendeli. Litaandikwa wilayani, litakaa. Litapanda mkoani, litakaa. Litafika Nairobi, litaulizwa injini yenyewe ni ya aina gani, na swali litashuka, na jibu litapanda. Mwisho kabisa hendeli itaanza kushuka ngazi kwa ngazi, kuja Elgudud. Chumvi nayo inashuka. Kwa mara ya kwanza tangu niijue serikali naomba Mungu ifanye kazi kama kawaida yake.

Mkiajiriwa huko, na kuna mmoja wenu ataajiriwa, na lile ombi likapita mezani kwako, usilifiche wala usilichane. Hilo ni kosa, utafukuzwa. Liweke tu chini ya mengine, likae lilipo, lipumzike.